Kinachofanyika Baada ya Kubonyeza

Kabla ya ugatuzi wa 2013 nchini Kenya, Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na faili za Meru zilizohitaji sahihi ya mkoa ziliteremka barabara ya Chuka kuitafuta huko. Siku hizi afisa wa ununuzi wa kaunti ya Meru, sawa na mwenzake wa Embu, hufungua IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, akajaza ombi na kubonyeza kitufe cha kuwasilisha. Kitufe chenyewe hubisha hodi tu. Kazi iko kwa anayeitikia.

IFMIS imejengwa juu ya Oracle E-Business Suite, na kaunti haziwezi kujitungia mfumo kivyao: Kifungu cha 190 cha Katiba kinazitaka zitumie mifumo ya fedha inayotimiza masharti ya sheria ya kitaifa.

Tuseme yanaagizwa matairi ya ambulensi. Swali la kwanza baada ya kubonyeza ni la pesa: kifungu cha bajeti kilichotajwa kina salio? Likiwepo, mfumo hulitenga hapo hapo, lisije likadakwa na ombi jingine. Zamani kazi hii ilikuwa ya daftari la vote book, ambamo karani aliandika kwa mkono kila ahadi ya matumizi. Akisahau mstari mmoja, matairi yaliagizwa kwa pesa ambazo tayari zilikuwa zimeahidiwa dawa. Kwa hili peke yake, mimi sina ugomvi na IFMIS.

Pesa zikishatengwa, ombi hufungwa. Mwombaji hawezi tena kugusa idadi wala bei. Hali yake hugeuka kuwa "inashughulikiwa", na injini ya mfumo huanzisha mchakato mmoja unaobeba utambulisho wa ombi hilo. Utambulisho huo ndio kinga. Mtandao ukiwa mzito na afisa akabonyeza mara tano kwa hasira, mfumo hukuta mchakato upo na haufungui wa pili. Yeyote anayetaka kuweka kitufe cha aina hii kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi yake, hata kama ni cha kuomba likizo tu, aanzie hapa kabla ya kuchagua rangi.

Hatua nzito huwekwa foleni, zikachukuliwa na programu nyingine inayoamka kila baada ya muda uliopangwa. Ndiyo maana ukurasa hujibu upesi ilhali mkubwa wa kuidhinisha bado hajaona kitu. Programu hiyo ikisimama, anayesubiri mbele ya skrini huenda asione onyo lolote. Maombi hukaa vile vile, na ofisi nzima ikasema mfumo umelala. Meru haiwezi kuuamsha. Funguo ziko Hazina ya Taifa, Nairobi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeyataja mara kadhaa matatizo ya mtandao wa IFMIS katika kaunti, na Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa tarehe 30, kila saa ya kusimama huuma.

Mwidhinishaji hupata taarifa katika orodha yake: akubali, akatae, aulize zaidi, au ampe mwingine. Akienda likizo, kuna kanuni ya kuelekeza taarifa zake kwa msaidizi kwa tarehe maalumu, na jina la aliyeidhinisha likabaki kwenye kumbukumbu. Njia ya mkato ni kumwachia karani neno la siri. Katika sakata ya shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) mwaka 2015, afisa mmoja alidai kuwa neno lake la siri lilitumiwa na wengine kuidhinisha malipo. Iwe alisema kweli au la, mfumo ulitii, maana haujui kidole cha nani kimebonyeza.

Ombi likipita, hutoka LPO, hati ya kumwagiza mwuzaji. Matairi yakifika stoo, hupokewa kwa hati ya S13, kisha ankara hulinganishwa na kilichoagizwa na kilichopokelewa. Hadi hapo vitufe vinafuatana vizuri.

Halafu mnyororo unakatika. Kifungu cha 207 cha Katiba hakiruhusu pesa kutoka kwenye Mfuko wa Mapato wa kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na ombi la idhini hiyo hufuata njia yake lenyewe. Malipo nayo humalizikia kwenye mfumo wa Benki Kuu, ambako maafisa wa kaunti huingia upya na kubonyeza tena. Na kama mgao wa kaunti haujafika kutoka Nairobi, hakuna cha kubonyezea. Mwuza matairi wa Maua au Siakago huambiwa malipo yake "yameidhinishwa", neno ambalo ni kweli ndani ya IFMIS na halimsaidii kitu benki.

Mwaka 2025 Hazina ya Taifa ilileta mfumo wa e-GP kwa ununuzi na zabuni, na magavana wakaupinga. Kwa maoni yangu, mvutano huo uko mwanzoni mwa safari ya ununuzi, ilhali madeni ya wanakandarasi yanarundikana mwishoni. Kabla ya kuongeza kitufe kingine, ukurasa wa malipo uongezwe safu moja inayoonyesha vocha ya malipo imekwama kwa nani: kaunti, Msimamizi wa Bajeti, Hazina au Benki Kuu, na tangu tarehe gani. Na safu hiyo asomewe mwuza matairi pia, si mhasibu peke yake.