Kivuli cha K

Watu hufunga safari hadi Berlin kutembea kando ya East Side Gallery, ukuta wa zaidi ya kilomita moja uliochorwa mwaka 1990. Mimi nakuomba ushukie Ubungo, Dar es Salaam, chini ya Daraja la Juu la Kijazi lililofunguliwa Februari 2021, uifuate Barabara ya Morogoro kwa miguu kuelekea Manzese. Ukiwa ndani ya basi la mwendokasi, kuta za maduka zilizoandikwa kwa brashi hupita haraka mno. Kwa miguu zinasomeka: saluni, duka la dawa, fundi redio, kinyozi.

Tusimame kwa kinyozi, tena kwenye herufi moja tu, K.

Fundi maandishi huanza kwa kuufuta ukuta vumbi na kuupaka rangi ya maji. Ukikauka, huvuta uzi uliopakwa chaki na kuuachia ghafla upige ukutani. Huo ndio mstari wake. Nafasi za herufi hupimwa kwa jicho, maana I ni nyembamba na O ina tumbo. Ukizigawa sawasawa kwa rula, neno linaonekana limeachana. Kisha herufi hujazwa rangi ya mafuta, na hapo fundi husubiri, kwani rangi ya mafuta haikubali haraka.

Kivuli cha herufi ndicho kipimo cha fundi. Mara nyingi utakikuta kushoto na chini. Itazame K: kushoto kuna mguu mmoja ulionyooka, brashi inateremka mara moja, kulia kuna mikono miwili na kona za kuzungukwa. Hesabu hiyohiyo huokoa muda kwa E, P na R. Fundi aliyebobea huacha ufa mwembamba kati ya herufi na kivuli chake. Ufa huo huzuia rangi mbili zisichanganyike, na ndio unaoifanya K ionekane imesimama mbele ya ukuta.

Edward Saidi Tingatinga, mchoraji mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alifuata mpangilio kama huo kwenye hadibodi, kwa rangi za baiskeli: usuli wa rangi moja kwanza, mnyama baadaye, madoa mwisho. Wachata, wachoraji wa grafiti wa jijini, hutumia kopo la kupuliza. Kwao pia mstari wa nje huja baada ya kujaza. Kwangu hawa wote ni mafundi wa daraja moja.

Mabango ya plastiki yanazidi kuzifunika kuta hizi. Mwenye duka, kama ukuta wako bado mtupu, mwite fundi maandishi.