Kiganja cha Fundi, Tairi la Ndege

Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Rubani wa ndege ndogo akitua Malindi, pwani, upepo ukiwa umetulia, kasi anayoiona kwenye kipimo ni karibu sawa na kasi ambayo tairi hugusa nayo ardhi. Akitua kwenye kimo cha Molo huku kipimo kikisoma vilevile, ndege yake inakwenda mbio zaidi kwa takriban sehemu moja ya nane, na nguvu ambayo breki na raba hulazimika kuimeza huzidi kwa zaidi ya robo. Kipimo hakilisemi hilo. Tairi hulisema, na fundi wa ndege ndiye anayelisikia.

Huanza kwa kiganja. Hukipitisha polepole juu ya raba, akitafuta bapa lililosagwa pale gurudumu lilipokabwa na breki likaburutwa, mikato ya changarawe, na mahali mifereji inapokwisha. Mfereji mmoja ukilika hadi chini, tairi linatoka, hata kama kwingine bado lapendeza. Beryl Markham, aliyeruka peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia mwaka 1936, alikuwa kwanza mfunza farasi wa mbio hapa Molo, na mfunza farasi haridhiki kwa kuutazama mguu tu. Huinua ukwato akaupapasa. Mkono wa fundi ni wa ukoo huo.

Kubadilisha kwenyewe kunataka adabu. Ndege hupandishwa jeki, kisha upepo wote hutolewa kabla bolti yoyote haijaguswa, maana gurudumu la ndege kama Cessna 172 ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja, na upepo uliosalia ndani huweza kuvirusha kwa nguvu ya kuua. Tyubu hupakwa poda ya talki isikunjamane. Nukta nyekundu ya tairi, upande ulio mwepesi, huwekwa mkabala na alama ya uzito ya tyubu ili gurudumu lisitetemeke. Bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, upepo hujazwa, beringi hutiwa grisi, nati ya ekseli hufungwa kwa pini.

Halafu fundi husubiri, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Raba mpya hutanuka na upepo hushuka, kwa hiyo hurudi kesho yake kupima tena, hata mwenye ndege awe na haraka kiasi gani. Kipimo kikitulia, ndipo hufungua daftari la ndege, akaandika tarehe, akatia sahihi.