Shule Isiyoonekana: Malezi, Historia na Usimulizi katika Riwaya ya Aniceti Kitereza

4.3 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, kwa kuzingatia jambo moja: mwandishi aliyelelewa katika shule za misheni alitunga riwaya ya kihistoria isiyo na shule wala misheni ndani yake. Hoja inayojengwa ni kwamba uamuzi huo ndio unaoeleza kazi ya maelezo marefu ya mila, ambayo baadhi ya wasomaji huyachukulia kuwa mzigo wa kiethnografia uliobebeshwa hadithi.

4.3.1 Mwandishi na safari ya mswada

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, katika ukoo wenye nasaba na watawala wa kisiwa hicho. Alisoma kwa wamisionari huko Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, ambako alijifunza lugha kadhaa za Ulaya. Mswada wake aliuandika kwa Kikerewe na kuukamilisha mwaka 1945, akitiwa moyo na Padri Almas Simard. Kwa miaka mingi haukupata mchapishaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Gerald na Charlotte Hartwig walimhimiza autafsiri kwa Kiswahili, naye akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu kwa tarehe ya 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Historia hii ina uzito kihakiki. Matini inayosomwa kwa Kiswahili ni kazi ya pili ya mwandishi yuleyule, iliyoandikwa kwa ajili ya hadhira pana kuliko ile ya kisiwani. Kila anapofafanua desturi, msimulizi anazungumza na wasikilizaji wawili kwa pamoja: Mkerewe aliyesahau na Mtanzania asiyewahi kujua.

Ulinganisho na James Mbotela unaliweka wazi jambo hili. Uhuru wa Watumwa (1934) nacho ni kitabu cha kihistoria kilichoandikwa na zao la misheni, lakini ndani yake Waingereza na wamisionari ndio wakombozi, na masimulizi yote yanaelekea kwao. Kitereza alikuwa na njia hiyohiyo mbele yake, akaiacha. Ulimwengu wake ni wa kabla ya ujio wa Wazungu, na matatizo yake yanatatuliwa, au yanashindikana kutatuliwa, kwa nyenzo za jamii yenyewe.

4.3.2 Maelezo ya mila kama nguvu ya msuko

Tatizo la msingi la riwaya ni utasa. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamkejeli mke na kumshinikiza mume aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, Namwero na Nkwanzi, wanamrudisha binti yao nyumbani. Myombekere haoi mwingine. Anamfuata mkewe ukweni, na huko anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kukabidhiwa mke.

Hapa ndipo shutuma ya kwamba riwaya ina ethnografia kupita kiasi inapopaswa kupimwa. Utengenezaji wa pombe unasimuliwa hatua kwa hatua, na msomaji mwenye haraka anaweza kuona kwamba hadithi imesimama. Lakini katika ulimwengu wa riwaya hii mwanamume hatangazi mapenzi yake kwa mkewe kwa hotuba. Anayathibitisha kwa kazi. Urefu wa maelezo ni urefu wa deni, na msomaji anasubiri kwa kadiri ambayo Myombekere anasubiri. Aidha, pombe haitengenezwi na mtu mmoja. Faini hiyo inamlazimu mume kuwategemea wenzake, na suluhu ya ndoa inakuwa jambo la jamii badala ya siri ya watu wawili. Ukiyaondoa maelezo hayo, kurudi kwa Bugonoka kunabaki tukio lisilo na gharama.

Vivyo hivyo kwa tiba ya mganga Kibuguma. Dawa na masharti yake yanaelezwa kwa makini kwa sababu matumaini ya wanandoa yote yamefungwa humo. Ikumbukwe kwamba Kitereza na mkewe, Anna Katura, hawakubaki na mtoto aliye hai. Uhakiki huu hauisomi riwaya kama tawasifu. Hata hivyo, subira ya msimulizi mbele ya kila sharti la tiba si ya mkusanyaji wa mila aliye mbali na anachokieleza.

4.3.3 Bulihwali na mipaka ya malezi

Sehemu ya pili inawahusu watoto, Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Katika miongo ambayo Angela Brazil (1868–1947) alikuwa akijenga nchini Uingereza hadithi za wasichana wanaokua bwenini, mbali na wazazi, Kitereza alimweka msichana wake ndani ya mji wa baba yake. Jikoni, shambani na miongoni mwa wanawake wakubwa ndiko darasani kwake.

Hata hivyo, sehemu hii ndiyo dhaifu zaidi. Baada ya watoto kuzaliwa, swali lililoivuta sehemu ya kwanza limejibiwa, na baadhi ya maelezo yanabaki bila shinikizo la msuko. Tena, jina la Bulihwali limo katika anwani, lakini Ntulanalwo ndiye anayepewa nafasi kubwa zaidi. Mwandishi aliyemtazama Bugonoka kwa huruma ya kina hakumpa binti yake mawanda yanayolingana. Udhaifu huo hautokani na wingi wa mila; unatokana na mila kukosa mhusika mwenye jambo la kupoteza.

4.3.4 Hitimisho

Kwa kuhitimisha, maelezo ya mila katika riwaya hii yanafaulu pale yanapobeba hatari ya mhusika, na yanalegea hatari hiyo inapokwisha. Kigezo hiki ni bora kuliko kuuliza iwapo kitabu ni riwaya au ethnografia. Kina umuhimu pia kwa ufundishaji. Huko Nyakato, pembezoni mwa barabara ya Musoma, wanafunzi wenye asili ya Ukerewe, Usukuma na Mara huketi darasa moja na kusoma kwa Kiswahili. Wakipewa kitabu hiki kama makumbusho, watakiheshimu na kukifunga. Wakipewa kama riwaya, watamkuta mwanamke anayesemwa kwa kukosa mtoto na mume anayetakiwa kuchagua kati yake na ndugu zake. Kesi hiyo haijafungwa katika nyumba nyingi za kanda ya ziwa.