Mchora Hadithi na Mali Yake: Mfano wa Papa Mfumu'eto wa Kinshasa

Katika kurasa hizi tumezoea kuzipima riwaya, tamthilia na mashairi. Hadithi za picha tumeziacha kando kama vitu vya watoto, au vibaya zaidi, kama vitu vya kunyang'anywa wanafunzi darasani. Lakini wanafunzi wetu wanazisoma, na baadhi yao wanazichora. Hao wanaochora hutujia na maswali ambayo uhakiki wetu wa kawaida hauna majibu yake: nichore kwa lugha gani, nimpelekee nani, na nitakula nini? Kwa hiyo safari hii tumeamua kumtazama mchoraji mmoja aliyejitegemea kweli kweli, na kuipima kazi yake kwa maswali hayo.

Mchoraji huyo ni Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Alizaliwa Matadi mwaka 1963 na kufanya kazi yake Kinshasa. Mwaka 1990, mwaka ule ule Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, alianza kutoa vijitabu vyembamba vya wino mweusi, kwa Kilingala. Kimojawapo cha awali kilisimulia habari ya mtu aliyegeuka joka, akammeza mwanamke, kisha akatapika fedha. Wasomaji hawakuhitaji kufafanuliwa. Mji ulikuwa ukinong'ona juu ya mali isiyojulikana ilikotoka, naye aliuchora mnong'ono huo. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akapeleka chapani mwenyewe, na vijitabu vikauzwa barabarani.

Wengi wanaomsifu leo humsifu kwa sababu kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 2015, katika maonyesho ya sanaa ya Kongo ya Fondation Cartier, na kwa sababu Chuo Kikuu cha Florida kimehifadhi karatasi zake. Sisi twaona sifa hizo zimeshika mkia badala ya kichwa. La ajabu ni kwamba kijitabu chake kiliishi katika mji ulioporwa mara mbili, Septemba 1991 na Januari 1993, wakati bei zilipokuwa zikipaa. Kitabu kinene cha rangi kingekufa siku ya kwanza. Cha kwake kilikuwa chembamba kiasi kwamba mtu aliweza kukinunua kwa chenji iliyobaki baada ya kununua mkate, na hadithi ikakatizwa pale pale moyo unapodunda, hata msomaji akalitafuta toleo linalofuata. Umbo la kazi lilitokana na mfuko wa mnunuzi. Hilo ndilo somo la kwanza kwa kijana anayetaka kujitegemea, na ni wachache wanaolisikia, kwa maana karibu wote hutuletea hadithi ya kurasa 60 ambayo haijapata mpiga chapa wala haitampata.

Hatusemi kwamba kazi yake haina ila. Kurasa zake nyingine zimesongamana. Maandishi yanabanana na picha hata jicho halijui lianzie wapi. Msomaji aliyeizoea lugha ile huvumilia, mgeni huchoka. Nasi tunaotumia Kiswahili tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba mzigo mkubwa. «Hatutawaambia» ni neno moja, na kwa Kifaransa ni sentensi nzima. Neno kama hilo haliingii katika kiputo chembamba. Wachoraji wengi huchora picha kwanza, kisha hutafuta pembe ya kuyasukumia maneno. Matokeo yake ni herufi zinazopungua ukubwa kila mstari, kama mtu anayeishiwa pumzi. Yafaa maneno yaandikwe kwanza, kwa penseli, kisha kiputo kizungushiwe maneno, na picha ichukue nafasi iliyobaki. Bahati yetu ni kwamba silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu, hivyo neno refu laweza kukatwa mwisho wa mstari bila kumsumbua msomaji, mradi likatwe penye silabi: hatuta- juu, -waambia chini. Tumekwisha kuona «hatut-awaambia» katika kijitabu kilichouzwa kwa fedha halali!

Kuna na hesabu ya karatasi. Karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kiwe na kurasa 8, 12 au 16. Anayechora 13 analipia tatu tupu. Anayechora kwenye A4 ili kipunguzwe kiwe nusu yake ajue kwamba kila mstari utabaki na sehemu saba hivi za kumi za upana wake. Herufi ya milimita 5 itakuwa ya 3 na nusu. Mistari myembamba ya nywele na kivuli hupotea kabisa katika fotokopi, na nyuso zikabaki kama mayai.

Bei nayo isipangwe kwa ndoto. Mwenye kuchapa nakala 500 asiigawe gharama kwa 500. Aigawe kwa zile anazoweza kuuza kweli, tuseme 300, kisha aongeze fungu la muuzaji wa barabarani. Bei ikizidi uwezo wa mwanafunzi, apunguze kurasa, asipunguze chakula chake.

Njia nyingine ipo, nayo ni ya heshima. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, amefanya kazi na wachapishaji wakubwa wa Ufaransa. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokichora kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie, kilitolewa na Glénat mwaka 2014. Kinahusu vita vya Ziwa Tanganyika vya mwaka 1915 na meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba wanayoifahamu watu wa Kigoma. Rangi zake ni za fundi aliyekomaa. Hata hivyo kilitoka kwa Kifaransa, kwa bei ya Ulaya, na mvuvi wa Uvira ambaye ziwa ni lake hakukusudiwa kuwa msomaji wake wa kwanza. Hatumlaumu Baruti, mkono kama wake unastahili karatasi nzuri. Twasema tu kwamba kijana asidhani hiyo ndiyo njia ya pekee, akakaa miaka kumi akingojea barua kutoka Ulaya.

Tukija kwenye miliki, hapa ndipo machozi yalipo. Mwezi Machi 1938 vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Mhusika huyo alitajirisha wengine. Wao walipata malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na majina yao yakarudishwa juu ya kazi, baada ya mwaka 1975 tu, tena kwa kelele za magazetini. Karibu nasi, wahusika wa jarida la Sani la Tanzania, kama Ndumilakuwili, wamepita katika mikono ya wachoraji mbalimbali, na wasomaji wengi wanamjua mhusika bila kumjua hata mchoraji mmoja. James Gayo alifanya vingine: Kingo wake alianzia gazetini, kisha akapata jarida lake mwenyewe chini ya mkono wa mwenyewe. Tofauti huanzia kwenye karatasi moja. Mchoraji anapompa mhariri picha, aandike na kutia tarehe kwamba anatoa ruhusa ya kuichapa mara moja, na kwamba mhusika anabaki wake. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi, lakini sheria haitamrudishia alichokiuza kwa saini yake.

Limebaki suala linalotugusa sisi walimu, nalo ni lugha. Mfumu'eto aliandika Kilingala cha barabarani, si cha darasani, na hakuna aliyemsahihisha. Je, mchoraji wa Lubumbashi aandike Kiswahili sanifu au kile anachokisikia Kenya na Katuba? Wenzetu wengi hukimbilia kalamu nyekundu. Sisi twapendekeza visanduku vya msimulizi viandikwe kwa Kiswahili sanifu, na viputo vibaki na sauti ya mtu anayesema. Muuza makaa akianza kuzungumza kama mtangazaji wa redio, msomaji atakifunga kijitabu ukurasa wa pili, na hicho kidogo cha sanifu tulichotaka akipate hatakipata.