Nani aliidhinisha suti kuwa vazi 'rasmi' la harusi?

Kadi nyingi za harusi ninazopokea huku Kapsoit zina mstari huu chini: 'Mavazi: Rasmi'. Hakuna anayeuliza maana yake. Kijana mchumaji majanichai anajua papo hapo kwamba anatakiwa suti na tai. Akikosa, atakodi mjini Kericho ama ataazima kwa binamu. Akiwa yeye ndiye bwana harusi, huenda akaahirisha siku hadi apate pesa za suti. Naona neno hili tunalitumia vibaya, na wanaolipa ni hao.

'Rasmi' tulilitoa kwa Kiarabu. Hueleza jambo lililoidhinishwa na mamlaka au linalofuata utaratibu unaotambuliwa: lugha rasmi, ziara rasmi, barua rasmi. Basi tukiliambatisha na nguo, sharti tuulize: aliyeidhinisha ni nani?

Wengi watajibu, 'Si ni Wazungu walioleta harusi za kanisani?' Jibu hilo halisimami. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Alipoolewa na Albert mnamo Februari 10, 1840, bwana harusi alivaa sare za kijeshi. Waungwana wengine wa enzi hiyo walioa wakiwa na koti refu la kufika magotini, mwanzoni la buluu au damu ya mzee, baadaye jeusi. Karne ikielekea ukingoni, likaingia koti lililokatwa mbele na kuachwa refu nyuma. Koti fupi la suti ya leo lilikuwa nguo ya mapumziko. Bwana mkubwa wa London angeoa nalo, angeonekana amekosa adabu!

Na malkia huyohuyo alitembelewa mwaka 1875 na Sultani Barghash wa Zanzibar. Picha aliyopigwa London wakati wa ziara hiyo inamwonyesha akiwa na joho na kilemba. Ziara ilikuwa rasmi, naye hakuhitaji tai. Hadi leo kanzu, joho na kilemba humtosha bwana harusi wa Lamu au Mombasa.

Hapa kwetu je? Kwa desturi ya Wakipsigis, ndoa ilirasimishwa kwa nyasi: bwana na bibi harusi walifungana segutiet kwenye kifundo cha mkono. Nyasi hiyo haikukodiwa.

Kuna atakayesema lugha ni ya watumiaji, na kwamba ikiwa Kapsoit nzima inaelewa 'rasmi' ni suti, basi imekuwa hivyo. Nakubali kwamba maneno hubadilika. Lakini 'rasmi' bado limebeba uzito wa sheria. Ndiyo maana mzee aliyekuja na sweta safi hukaa nyuma ya hema kana kwamba amevunja kanuni, ilhali hakuna kanuni, kuna mtindo tu.

Mwenye sherehe akitaka suti, aandike 'suti na tai', ijulikane ni ombi lake. Kama anachotaka ni unadhifu, Kiswahili kina 'mavazi ya heshima', na heshima hata sweta inayo. Wahenga walishatuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Tusiwalazimishe vijana kuiazima kwa sababu ya neno moja kwenye kadi.