Sombe, Kisamvu na Kalamu Nyekundu: Juu ya Insha za Safari ya Bugoye

Hapana insha inayopendwa na walimu wa Kiswahili kuliko insha ya safari. Mwanafunzi huamka alfajiri, hupanda basi, huona mandhari ya kupendeza, hurejea jioni amechoka lakini mwenye furaha. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi waliokwenda Bugoye, chini ya Milima ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, na karibu zote zina kasoro moja: ndani yake hali mtu. Milima imo, theluji imo, Mto Mubuku unanguruma. Lakini adhuhuri ikifika twaambiwa tu kwamba "tulipewa chakula kitamu", kisha basi laondoka.

Kasoro hii si ya watoto peke yao, wameirithi. Stanley alipochapisha In Darkest Africa mwaka 1890, mlima huu uliingia vitabuni kama kitu cha kutazamwa kwa mbali. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliupanda kwa kufuata bonde la Mubuku, na vilele vikapewa majina ya malkia: Margherita wa Italia, Alexandra wa Uingereza. Wakonzo waliobeba mizigo walikuwa na neno lao la theluji, nzururu, ambalo ndani ya jina Rwenzururu lasikika mpaka leo. Katika ramani walikaa malkia. Na ajabu ni kwamba sisi wa Kiswahili tulikuwa na jadi nyingine ya kusafiri. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo alioutoa Carl Velten mwaka 1901, wasimulizi wetu, akiwemo Selim bin Abakari aliyefika hata Siberia, walizitazama kwa makini desturi za watu waliowapitia.

Sasa niungame. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa upande wa Bwera, aliniletea insha ya Bugoye isiyofanana na nyingine. Hakupoteza hata sentensi moja kwa theluji. Alikaa jikoni kwa mama mkubwa wake. Alieleza majani ya muhogo yanavyotwangwa katika kinu, yanavyochemshwa kwa muda mrefu hata ukali wake uishe. Jinsi maji yanavyotokota, unga wa muhogo ukamiminwa na kusongwa kwa mwiko mpaka mkono uume. Jinsi tonge linavyovutika kabla ya kukatika. Chakula kile alikiita obundu na sombe. Nami nikachukua kalamu nyekundu, nikakata obundu nikaandika ugali, nikakata sombe nikaandika kisamvu, nikampunguzia alama mbili.

Je, nilikuwa na haki? Kwa kamusi, labda. Kwa uhakiki, hata kidogo. Ugali, kwa wasomaji wetu wengi, ni wa mahindi. Haunati mkononi namna ile. Kisamvu cha pwani huungwa kwa tui la nazi, na miteremko ya Bugoye ni ya kahawa, migomba na mihogo, minazi hakuna. Msomaji wa Tanga akisoma "ugali na kisamvu" atakuwa anakula chakula cha nyumbani kwake. Hajasafiri. Kalamu yangu ilimrudisha kabla hajavuka Kasese.

Tena neno sombe halikuzuliwa na mtoto yule. Ni Kiswahili cha Kongo, na Bwera imepakana na Mpondwe, penye mpaka, ambako Wakonzo na Wanande, watu wa asili moja waliotengwa na mstari wa wakoloni, hukutana sokoni kila mara. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwemo, na maneno yaliyotoka machweo yalibaki mlangoni.

Nitoe mfano wa mbali. Wabaski nao ni watu wa milimani waliogawanywa na mpaka, Ufaransa upande huu, Hispania upande ule, na lugha yao haina ndugu anayejulikana. Wageni humiminika Donostia kwa ajili ya kula, wakihama baa hadi baa. Vijumbe vya chakula vinavyopangwa pale juu ya meza ya baa huitwa pintxo. Neno lenyewe asili yake ni Kihispania, pincho. Wabaski walilitwaa wakaliandika kwa tahajia yao, na leo mwandishi wa London huliandika vivyo hivyo, bila kulitafsiri. Kinywaji chao cha matufaha ni sagardo, maana yake divai ya matufaha, na msafiri hujifunza kulitamka kabla ya kuketi. Hakuna mhariri anayewakata. Mbona obundu tuikate wenyewe?

Najua jibu la wenzangu: kila wilaya ikileta maneno yake, usanifu utakwenda wapi? Hofu hiyo ina msingi, na sikubaliani na wale wanaojaza insha majina ya vyakula kama orodha ya hotelini, bila hata kijiko kimoja kuinuliwa. Lakini mtoto yule hakufanya hivyo. Alilionyesha neno likiwa kazini, kinuni na chunguni, hata asiyelijua akalifahamu bila tanbihi.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wa Bugoye wataandika insha nyingi kuliko zamani, na zitasahihishwa na watu kama mimi. Nilipoyatambua haya nilikwenda kulitafuta daftari lile nirudishe alama mbili. Mwanafunzi alikuwa amekwisha maliza shule, na daftari aliondoka nalo.