Ukuta uliooshwa na ukuta uliochunwa

Ghorofa likishaoshwa, usilikague siku hiyohiyo. Ukuta uliolowa hudanganya: rangi hukolea, nyufa hujificha, na kuvu iliyobaki utaidhania kivuli. Acha siku mbili tatu za jua zipite, kisha njoo asubuhi au alasiri, saa ambayo mwanga unaupiga ukuta kwa ubavu. Simama karibu na kona, utazame kufuata urefu wa ukuta badala ya kuutazama uso kwa uso. Hapo kila alama ya bunduki ya maji itajitokeza, na utajua jengo limeoshwa au limechunwa.

Naandika nikiwa na Dar es Salaam akilini, maana hapa kazi hii imegeuka biashara ya kweli. Kuna maghorofa ya zamani ya Upanga yenye madirisha ya luva, kuna majengo mapya ya Masaki na Mikocheni yenye vioo vya kusukuma, na yote yanapigwa na joto, unyevu na upepo wenye chumvi ya bahari. Masika ikiisha, kuta zinabaki nyeusi chini ya vizingiti vya madirisha na kijani kwenye pande zisizopata jua. Ndipo vijana wenye mashine za kuoshea magari wanapoanza kubisha geti na bei zao mkononi. Baadhi yao ni mafundi wa kuaminika. Wengine wana mashine tu.

Msimamo wangu ni mmoja, na kila kipimo nitakachotaja kinatoka hapo: ukuta wa rangi husafishwa na dawa pamoja na subira, presha ni ya kusuuzia. Ule weusi wa ukutani kwa sehemu kubwa si vumbi. Ni kuvu na mwani, viumbe hai vilivyojishikiza kwenye vitundu vya rangi na plasta. Ukivipiga kwa maji makali unakata kilicho juu, ukuta unang'aa, mwenye nyumba anafurahi, na mvua za vuli zikishuka weusi unarudi palepale kwa sababu uliacha uhai ndani.

Kwa hiyo fundi wa kweli utamtambua kabla hajawasha mashine. Anauzunguka ukuta kwanza. Anapitisha kiganja au kitambaa cheusi juu ya rangi. Kikitoka na unga mweupe, anajua rangi yenyewe imekwisha nguvu na itaondoka na maji, na anakwambia wazi kwamba hapo utahitaji kupaka upya. Anagonga plasta kwa fundo la kidole akisikiliza palipoachana na tofali. Halafu anatenganisha madoa. Weusi na ukijani ni vya klorini. Michirizi ya kahawia chini ya grili ni kutu, na klorini haiitoi. Inataka asidi ya oksaliki na suuza ya kutosha. Unga mweupe unaofanya magamba karibu na msingi ni chumvi inayobebwa na maji kutoka ndani ya ukuta. Huo husuguliwa kwa brashi kavu, kisha unatafutwa mlango wa maji, kwani kuulowesha zaidi ni kuulisha. Anayekuambia ana dawa moja ya madoa yote bado hajajifunza kuusoma ukuta.

Muulize pia anavyohifadhi dawa zake. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayounguza mapafu, kwa hiyo vitu hivyo viwili havikai ndoo moja, havitumii pampu moja bila kusuuzwa, wala havipigwi ukuta mmoja kwa wakati mmoja. Akisitasita kwenye swali hili, usimpe kazi. Kwenye jengo lenye watoto wanaocheza uani, sioni nafasi ya mjadala.

Kazi yenyewe ikianza, tazama jinsi dawa inavyopakwa. Klorini ya bwawa huuzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 10 hadi 12. Ikifika ukutani inatosha kuwa nusu hadi asilimia moja, ikiwa imechanganywa na sabuni kidogo ili ishike isiteremke. Inapulizwa kwa pampu ya presha ndogo kuanzia chini kwenda juu, ili isichirizike kwenye sehemu kavu ikaacha mistari isiyofutika. Baada ya hapo fundi anangoja dakika 10 hadi 15, bila kuiacha ikauke. Hizo dakika ndizo ninazozipenda kuliko zote. Ukuta haujaguswa na mtu, lakini weusi unageuka kahawia, kahawia inafifia, na rangi ya jengo inaanza kurudi yenyewe. Suuza sasa inatoka juu kwenda chini. Maua na nyasi za chini zinamwagiwa maji mengi kabla na baada. Ukiona bustani imekauka wiki moja baadaye, umeshapata jibu kuhusu fundi.

Kuhusu presha, usidanganyike na namba iliyoandikwa kwenye mashine. Mashine ya bar 150 yaweza kuosha kwa upole au kutoboa plasta, kutegemea nozeli na umbali. Nozeli hutambulika kwa rangi: nyekundu hutoa mstari mmoja mwembamba, njano hufungua nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40. Kwa ukuta wa rangi nataka kuona nyeupe, na mkono uliosimama mbali. Nyekundu ikielekezwa ukutani, simamisha kazi. Cha maana zaidi ni wingi wa maji: mashine ya lita 15 kwa dakika inakunywa lita 900 kwa saa, yaani tangi la lita 1,000 halidumu zaidi ya saa moja na dakika chache. Fundi ambaye bei yake haikutaja maji yatatoka wapi atamaliza maji ya wapangaji wako, au atasuuza nusunusu.

Sasa rudi ukutani ukiwa mkavu. Mistari ya kupishana, mweupe na mfifu, ni mkono uliokwenda haraka bila kufunika mpito uliotangulia. Mikwaruzo yenye kingo kali ni nozeli iliyosogezwa karibu mno. Angalia chini ya vizingiti, nyuma ya mabomba ya maji machafu na pale maji ya kiyoyozi yanapodondokea, maana hizo ndizo sehemu ambazo mtu mvivu huziruka. Kagua mapezi ya kiyoyozi cha nje. Yakiwa yamelala, yamepigwa presha. Uliza wapangaji wa kwenye luva kama maji yaliingia ndani, kwa kuwa bunduki ikielekezwa kutoka chini kwenda juu hakuna luva inayozuia. Mita za umeme zilipaswa kufungwa nailoni. Chini kwenye vitofali vya uani, mistari na mawimbi ni dalili kwamba fundi alitumia bunduki tupu badala ya kifaa cha sahani chenye nozeli zinazozunguka. Mchanga wa kwenye viungo ukiwa umetoka ni lazima arudishe, la sivyo vitofali vitaanza kucheza.

Juu ya ghorofa ya kwanza hakuna kazi ya ngazi. Bunduki inarudisha nyuma kwa nguvu pale inapobonyezwa, na aliyesimama kwenye ngazi hana pa kujishikilia. Jukwaa lililofungwa vizuri, au kamba mbili na mkanda wa mwili mzima, basi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, na kamati ya wakazi isijifariji kwamba anguko la fundi halitawahusu.

Bei ipangwe kwa mita ya mraba baada ya kipande cha majaribio kuoshwa upande mbaya kuliko pande zote, na kipande hicho kipigwe picha kikiwa kikavu. Sehemu ya malipo izuiliwe, kwa maandishi, mpaka mvua kubwa za kwanza zipite na wewe na fundi muuone ukuta tena.